Maiki Iliyonyamaza Dukani

Germana hanunui yai bila kulitia majini kwanza. Mafuta ya taa huyanusa, maharage huyang'ata, na kopo la dawa ya nywele hulifungua mbele ya muuzaji, akapaka kidogo mgongoni mwa mkono wake, kisha akasubiri. Wauzaji wa soko la Karatu wanamjua. Wengine, wakimwona anakuja, huanza kufungua makopo wenyewe ili wasipotezeane muda.

Tabia hiyo ina chanzo. Alizaliwa Buger, kwa wakulima wa ngano na mbaazi, akaja mjini akiwa msichana kufanya usafi kwenye hoteli ya watalii, na baadaye akafungua saluni yake karibu na soko. Katika mwaka wa kwanza wa saluni aliuziwa dawa ya kulainisha nywele yenye lebo nzuri kuliko ya dawa halisi. Alimpaka Jackline, binti wa jirani, na Jackline akaolewa kesho yake akiwa amefunga kilemba kufunika ngozi iliyoungua. Germana alihudhuria harusi. Alikaa nyuma kabisa.

"Tangu siku ile," anasema, "kitu kinachong'aa sana nakiuliza maswali."

Chumba cha kurekodia kilikuja baadaye, kwa sababu ya kwaya. Kwaya za vijijini zilikuwa zikisafiri hadi Arusha kurekodi kanda, na Germana, mwimbaji wa sauti ya pili tangu utotoni, aliona hakuna sababu. Akanunua kompyuta iliyotumika na miksa ndogo ya kuunganishia maiki. Chumba cha nyuma ya saluni akakizungushia mablanketi na godoro kuukuu ili sauti isirudi ukutani. Maiki aliazima kanisani, ileile ya mahubiri. Kwenye miksa kulikuwa na kitufe chenye maandishi ya volti arobaini na nane. Aliyemuuzia alimwambia kinapeleka umeme kwenye maiki na kinaweza kuunguza vyombo. Germana hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikifunika kwa plasta ya kidonda.

Kwa miaka mitatu plasta ile ilikaa pale, na kwaya za Karatu zilirekodiwa bila malalamiko makubwa. Malalamiko yalikuja mwaka 2006, kutoka juu, Nainokanoka.

Kwaya ya huko ni ya Wamaasai, na nguvu yake ilikuwa mwanamke mmoja, Nanyokie, ambaye huanzisha wimbo peke yake, chini chini kama mtu anayezungumza na ndama, halafu wenzake wanampokea. Walishuka Karatu, wakaimba mchana kutwa, wakarudi na kanda. Kanda ilipochezwa Nainokanoka, wenzake walisikika. Nanyokie hakusikika, ilikuwa kama mtu anaimba ndani ya debe, na debe limefunikwa. Maiki ya mahubiri imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayepiga kelele karibu na mdomo wake. Nanyokie hafanyi hivyo.

Kaka yake, Saruni, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya, alirudi saluni na kanda mkononi, wakati wateja wamekaa chini ya madraya.

"Yeyo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai, "sauti ya dada yangu iko wapi?"

"Imo humo."

"Haimo. Tumeitafuta. Imeingia kwenye mashine yako haikutoka. Umemuuzia nani?"

Wateja walicheka. Saruni hakucheka. Kulikuwa na uvumi wakati huo kwamba kuna watu wanaowauzia wageni nyimbo za Wamaasai kwa siri, na Saruni aliuamini kama alivyoamini kwamba mvua hunyesha. Germana alitaka kueleza habari za maiki, lakini alijua jinsi maelezo yanavyosikika kwa mtu aliyekwisha kuamua. Yeye mwenyewe, alipokwenda kulalamika, alimsikiliza yule muuza dawa ya nywele kwa uso uleule.

Jambo likawa na haraka kwa sababu mume wa Nanyokie, mwalimu, alikuwa amehamishiwa Wasso. Familia ingeondoka mwisho wa mwezi. Kutoka Nainokanoka hadi Wasso si safari ya kwenda na kurudi kwa ajili ya mazoezi ya kwaya. Kama sauti ile isingerekodiwa kabla hajaondoka, kwaya ingebaki na kanda ya debe, na Germana angebaki na jina la mwanamke aliyekula sauti ya mtu. Saruni alikubali kumleta dada yake mara moja zaidi, Jumamosi moja tu. "Safari hii," alisema, "nitakaa palepale nikuangalie mikono."

Germana alimpigia simu Joel, mpiga kinanda aliyemfahamu Arusha, ambaye alikuwa amefanya kazi studio. Joel alimwambia atafute maiki ya kondensa. Si lazima ya bei kubwa, za Kichina zimeanza kuingia na nyingine ni nzuri. Ina kichwa kipana, ni nzito, na mtu huiimbia ubavuni, si utosini. "Inasikia mpaka pumzi," alisema. "Lakini uangalie sana, kuna za uongo. Na ukifika nayo nyumbani, kitu cha kwanza—" Vocha ya Germana ikaisha.

Alikuwa ameshasikia alichohitaji: kuna za uongo.

Karatu nzima, duka lililoweza kuwa na kitu kama hicho lilikuwa moja, la Philbert, mtu wa Rombo aliyekuja kufuata biashara ya utalii na kuishia kuuza redio, betri, spika na nyaya. Wateja humwita Mangi, kama wanavyowaita wenye maduka wote wa Kichaga, na yeye huitika. Juu ya kaunta yake amening'iniza kipande cha boksi kilichoandikwa: MALI ILIYOJARIBIWA HAIRUDI. Huo ndio utaratibu wa maduka ya umeme huko kote. Balbu huwashwa mbele yako, pasi huchomekwa mpaka ipate moto, redio hufunguliwa mpaka iseme. Ikishafanya kazi mbele ya macho yako, ni yako na matatizo yake.

Germana aliupenda utaratibu huo kuliko mtu yeyote mjini. Ulikuwa kama umetungwa kwa ajili yake.

Philbert alitoa maiki mbili. Moja ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nzito, ndani ya sanduku lenye sponji na jina la kampuni linalojulikana duniani. Nyingine ilikuwa ya kijivu, nyepesi kiasi, jina lake halijulikani kwa mtu yeyote, sanduku limebonyea kona moja.

"Hii ni orijino," Philbert alisema juu ya ile ya dhahabu. "Shika mwenyewe uone uzito."

Germana alishika. Kisha akatoa mkobani kichupa cha asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha, akalowesha pamba na kuanza kusugua jina la kampuni.

"Mama Laurencia! Unaniharibia mali!"

"Kama ni orijino haitoki."

Haikutoka. Philbert aliitazama pamba nyeupe kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Germana alisugua na ya kijivu, nayo haikutoka. Alinusa masanduku. Alitikisa kila moja sikioni. Halafu akasema, "Washa."

Philbert alichomeka ile ya dhahabu kwenye amplifaya ya dukani. Germana akasema "moja, mbili," na sauti yake ikatoka kwenye spika hadi barabarani, mwendesha baiskeli mmoja akageuka. Akachomeka ile ya kijivu. Germana akasema "moja, mbili." Akarudia. Akapuliza. Akapiga kofi. Kimya.

"Hii imekufa," Philbert alisema. "Sikufichi. Wewe si wa kwanza kuijaribu. Nilikuwa natoa tu ili uone tofauti."

Muuzaji anayekiri kwamba mali yake mbovu ni mbovu alimtia Germana wasiwasi zaidi. Aliijaribu tena ya kijivu kwa waya mwingine, akidhani mchezo uko kwenye waya. Kimya kilekile. Basi akachukua ile ya dhahabu. Alikuwa ameiona ikifanya kazi kwa macho yake na kuisikia kwa masikio yake, na hapo ndipo alipodanganyika, ingawa hakuna aliyekuwa amemdanganya kwa maneno.

Nyumbani alimweka bintiye Laurencia mbele ya maiki, akamwambia aimbe taratibu. Akavaa hedifoni. Alisikia debe. Akamsogeza karibu: debe limesogea karibu. Akavua hedifoni.

Akanunua vocha nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, akampigia Joel.

"Kitufe cha umeme umebonyeza?" Joel aliuliza.

"Kipi?"

"Cha volti arobaini na nane. Kondensa haisemi bila umeme ule."

"Kile kinaunguza. Nimekifunga plasta."

Joel alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Dada Germana, umefunga plasta mdomo wa maiki! Haya, nisikilize. Hiyo uliyonayo inasema sasa hivi, na plasta ikiwepo?"

"Inasema."

"Basi si kondensa. Kondensa ya kweli, bila umeme ule, ni maiti. Hiyo ifungue chini uone."

Aliifungua. Ndani ya kile kichwa kipana kulikuwa na kichwa kidogo cha maiki ya karaoke kilichoshikiliwa na gundi, na chini yake, ndani ya mwili, nati kubwa ya chuma iliyofungwa gazeti ili isigonge. Uzito wote ulikuwa wa nati.

Mara nyingine Germana angebeba nati ile mpaka dukani na kuiweka kaunta mbele ya watu. Safari hii aliirudisha mahali pake, akafunga. Kilichokuwa kichwani mwake ni ile ya kijivu. Duka la Philbert halikuwa na umeme wa volti arobaini na nane. Amplifaya ile ingeweza kuisemesha kondensa ya uongo tu. Ya kweli ingeiita maiti kila siku. Na wateja waliotangulia, wote waangalifu, wote wa kujaribu kabla ya kulipa, walikuwa wameikataa mmoja baada ya mwingine kwa sababu ileile. Lakini pia ilikuwa inawezekana kwamba ya kijivu ilikuwa imekufa kweli. Hakuna njia ya kujua bila kuitoa dukani. Na Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

Alimkuta Philbert anafuta vumbi.

"Mangi, nataka kubadilisha."

Philbert alionyesha boksi juu ya kichwa chake bila kugeuka. "Ulijaribu mwenyewe. Mtaa mzima ulisikia."

"Sijasema nirudishiwe. Chukua hii. Nipe ile ya kijivu."

Kitambaa cha vumbi kilisimama. "Ile iliyokufa?"

"Ndiyo hiyo."

"Nikupe maiti, unipe nzima."

"Ndiyo."

Philbert alivuta stuli akakaa. Alimtazama mwanamke huyu anayetia mayai majini.

"Mama Laurencia. Wewe chumvi huinunui bila kuionja. Leo unataka kitu kibovu, na una haraka. Kuna nini ndani yake?"

"Hakuna kitu."

"Kuna zebaki?"

Miaka ile watu wengi waliamini kwamba redio za zamani na vyombo vya aina hiyo vina zebaki ya thamani kubwa, na wako waliovunja redio za baba zao kuitafuta. Germana alikana. Kadiri alivyokana, Philbert alizidi kuamini. Angeweza kumwambia ukweli, lakini ukweli ungeipandisha bei ile maiki papo hapo, na bado hakuwa na hakika kama ni hai. Naye Philbert angeweza kukataa, lakini alikuwa na maiki aliyoiita maiti mbele ya mashahidi.

"Sawa," Philbert alisema mwishowe. "Tunabadilishana. Ila naileta mwenyewe, kwa mikono yangu, na naondoka nikishaona unaifanyia nini."

"Karibu. Na hiyo ya dhahabu ifungue chini kabla hujamuuzia mtu."

"Kwa nini?"

"Ifungue tu."

Jumamosi asubuhi Landrova ya mizigo iliwashusha Saruni, Nanyokie na wanawake wanne wa kwaya mbele ya saluni. Dereva aliwaambia atarudi kuwachukua mapema mchana. Lango la hifadhi wanayopita kwenda kwao hufungwa jioni na hataki kubishana na askari. Walimkuta Philbert amekaa kwenye kiti cha kuoshea nywele, amekumbatia sanduku.

"Takwenya," Germana aliwasalimu wanawake.

"Iko," waliitika.

Saruni hakumaliza salamu. "Huyu nani?"

"Mwenye duka. Ameleta chombo."

"Mbona anakikumbatia? Huyu ndiye mnunuzi."

"Mnunuzi wa nini?" Philbert aliuliza.

"Wa sauti."

"Mimi nauza betri, ndugu yangu! Nisije nikaulizwa mimi, muulize huyu mama anataka nini na maiti."

"Maiti?" Nanyokie alisema, akarudi hatua mlangoni.

Ilichukua muda kuwaingiza wote chumbani. Philbert alikataa kubaki nje kwa sababu ya zebaki. Saruni alikataa kubaki nje kwa sababu ya mikono ya Germana. Wakakaa sakafuni bega kwa bega, kila mmoja akimchunga mwenzake. Germana alichomeka maiki ya kijivu, akavaa hedifoni. Kimya. Akabandua plasta. Gundi yake ilikuwa imekauka, ikatoka vipande vipande. Alikitazama kile kitufe, akakibonyeza kama mtu anayegusa pasi kujua kama ina moto.

Taa nyekundu iliwaka. Halafu akasikia kitu ambacho kwanza alidhani ni ubovu: upepo. Akageuka taratibu akitafuta dirisha lililo wazi. Ilikuwa pumzi ya Saruni. Akasikia nyundo ya gereji ya pili kutoka kwake, kuku akiparua nje ya ukuta, na njuga ndogo zikigongana. Alipomtazama Nanyokie, njuga ziligongana tena. Ni mikufu yake ya shanga.

Laurencia akatumwa gereji kuomba nyundo zinyamaze.

"Mwanangu," Germana alimwambia Nanyokie, "hiyo mikufu inasikika. Ungeivua kidogo."

Saruni alisimama. "Kwanza sauti. Sasa shanga!"

"Keti," Nanyokie alimwambia kaka yake. Kwa Germana alisema kwa upole, lakini bila kuacha nafasi: "Yeyo, mimi siimbi shingo tupu. Nitaimba kama nani?"

Mikufu ikabaki. Germana alimsimamisha mbele ya ubavu wa maiki, akawapanga wanne nyuma yake, akainua mkono.

Nanyokie alianza chini, kama kawaida yake, akiwa ametazama pembeni. Mabega yakaanza kucheza, mikufu ikapanda na kushuka. Kwenye kioo cha kompyuta mistari ya sauti ikaruka, Philbert akaikodolea macho. Germana aliyekuwa ameinama juu ya miksa hakuinuka mpaka wimbo ulipokwisha. Kila neno lilikuwemo. Lakini kabla ya ubeti wa mwisho, pale wenzake wanaponyamaza na Nanyokie akabaki peke yake, mtu mwingine naye alisikika kwenye hedifoni, wazi kama aliyeketi ndani ya sikio: "Kumbe nzima!"

Germana alimtazama Philbert. Philbert alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Walirudia. Mara ya pili sauti ya Nanyokie ilikuwa imechoka, na katikati ya mara ya tatu Landrova ikapiga honi nje na dereva hakuacha kuipiga. Wimbo uliokamilika ulibaki ule wa kwanza.

"Nisikie," Nanyokie alisema.

Germana alimvisha hedifoni. Nanyokie alisikiliza kwa muda mfupi, akazivua, akatikisa kichwa.

"Huyu si mimi."

"Ni wewe."

"Si mimi. Mimi sina sauti nene hivi. Mmeweka mwanamke mwingine."

Saruni alimgeukia Germana, na kwa mara ya kwanza hakuonekana mwenye hasira. Alionekana kama mtu ambaye alitarajia hivi hivi na hakufurahi kupatia. Nje honi ilipigwa. Germana aliijua hali hii. Ni jambo la kawaida, mtu asiyezoea haitambui sauti yake. Wengi waliokaa kwenye kile chumba walikana hivyo. Lakini hakuna aliyewahi kukana huku kaka yake amekuja kuangalia mikono.

"Sikiliza tena," alisema tu. "Usisikilize sauti. Sikiliza vingine."

Nanyokie alivaa tena, shingo upande. Mkono wake ukapanda kifuani bila yeye kutambua. Kila mkufu ulipogonga kwenye hedifoni, vidole vyake viligusa mkufu. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka ghafla aliposikia "Kumbe nzima."

"Nani huyu mpumbavu?"

"Mangi," wanawake wanne walijibu kwa pamoja.

"Shanga ni zangu," Nanyokie alimwambia kaka yake. "Ile kubwa iliyokatika uzi, inachelewa. Isikie." Akamvisha.

Philbert alikuwa amesimama, anapapasa mifuko. Alikuwa ameelewa kwamba hakuna zebaki, na kwamba kitufe kidogo chenye taa nyekundu ndicho kilichokuwa kimekosekana dukani kwake siku zote. Aliuliza kitufe cha namna ile kinapatikana wapi. Germana akamwambia kwanza akafungue ile ya dhahabu.

Saruni alivua hedifoni polepole. Kanda ilipokwisha kutoka kwenye mashine, aliipokea, akaigeuza pande zote mbili, akainusa. Halafu akamrudishia Germana.

"Icheze. Yote. Hapa, mbele yangu."

"Gari linawaacha, baba."

"Lisubiri."

Germana aliitia kwenye redio ya saluni, akaongeza sauti. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kusukwa walisogeza viti karibu. Dereva alishuka kuja kugomba, akasimama mlangoni na funguo mkononi, akasikiliza. Kanda ilicheza hadi mwisho, pamoja na Philbert wake, na Saruni akaitoa mwenyewe, akaifunga ndani ya kitambaa.

"Na ikifika Nainokanoka ikawa debe?"

"Inarudi," Germana alisema. "Hapa kwangu inarudi."